Moyo wa Mgonjwa wa Figo: Historia ya Tiba Iliyokawia

Mwaka 1836, Richard Bright, daktari wa hospitali ya Guy's jijini London, alieleza jambo aliloliona mara kwa mara katika maiti za waliokufa kwa maradhi ya figo: mioyo mikubwa yenye kuta nene, na mingi haikuwa na kasoro yoyote ya vali. Alishuku kwamba damu iliyochafuka ndiyo iliyoulemea moyo. Hoja yake ilidumu zaidi ya karne bila kuzaa tiba, kwani aliyepoteza figo zote mbili hakuishi muda wa kutosha hata moyo wake ushughulikiwe.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyokuwa zama za mageuzi. Mwaka 1943, Uholanzi ikiwa chini ya Wajerumani, Willem Kolff aliunda mashine ya kusafisha damu katika mji wa Kampen, akitumia mirija ya selofeni ya kutengenezea soseji. Mashine hiyo ilimfaa mgonjwa wa siku chache tu, kwa kuwa kila mara ilibidi mshipa mwingine ukatwe. Mwaka 1960, huko Seattle, Marekani, Belding Scribner alibuni mrija wa tefloni uliobaki mkononi mwa mgonjwa, na usafishaji damu ukawezekana miaka nenda miaka rudi.

Hapo ndipo alichokiona Bright kiliporudi kwa nguvu mpya. Mgonjwa wa kwanza wa Scribner aliishi miaka 11, kisha akafa kwa maradhi ya moyo. Mwaka 1974 Scribner na wenzake walitangaza kwamba mishipa ya wanaosafishwa damu huziba mapema kuliko ya watu wengine. Kufikia 1998, watafiti wa Amerika Kaskazini walikadiria kwamba vifo vya moyo miongoni mwa wagonjwa hao vilizidi vya watu wa kawaida mara 10 hadi 20.

Miaka ya 1990 ilikuwa pia enzi ya statini, dawa za kupunguza lehemu. Utafiti wa nchi za Skandinavia wa 1994 ulithibitisha kwamba zinaokoa maisha ya wagonjwa wa moyo. Wenye figo zilizokufa kwa kawaida hawakuingizwa katika tafiti za namna hiyo, lakini madaktari wengi waliwaandikia dawa zilezile kwa matumaini. Jibu lilikuja kutoka Ujerumani mwaka 2005: kati ya wagonjwa 1,255 wa kisukari waliokuwa wakisafishwa damu, atovastatini, mojawapo ya statini, ilishusha lehemu bila kupunguza vifo kwa kiasi cha kutegemewa. Utafiti mwingine wa 2009, wenye wagonjwa 2,776, ulifikia hukumu hiyohiyo. Mwaka 2013 mwongozo wa kimataifa ukashauri kwamba anayesafishwa damu asianzishiwe statini, ila aliyekuwa akiitumia tangu awali aendelee nayo.

Sababu iko katika namna moyo huo unavyougua. Mafuta si adui wake mkuu. Chokaa hujijenga katika mishipa na kuikakamaza, maji na chumvi hulimbikizana kati ya awamu moja ya usafishaji damu na nyingine, madini ya potasiamu hupanda na kushuka, na mapigo yanaweza kuvurugika ghafla.

Ndiyo maana kila dawa imelazimika kujithibitisha upya kwa wanaosafishwa damu. Mwaka 2003 nchini Italia, kavedilolo ilipunguza vifo kwa wagonjwa 114 wenye mioyo iliyotanuka na kudhoofika. Spironolaktoni ilileta matumaini Japani mwaka 2014, lakini utafiti mkubwa wa nchi kadhaa uliotolewa 2025 haukuona faida yake. Mwaka huohuo, mafuta ya samaki yalionekana kupunguza matukio mabaya ya moyo kwa wagonjwa wa Canada na Australia.

Hukumu ya historia hii ni kwamba dawa iliyookoa moyo wa mwingine si lazima iokoe wa mgonjwa wa figo. Ushahidi sharti utoke kwake mwenyewe. Naye anayesafishwa damu leo asianze wala kuacha dawa ya moyo bila daktari wake, apunguze chumvi, achunge kiasi cha maji anachokunywa, na asikose awamu hata moja.