Damu Inakwenda, Jibu Linarudi
Somo la redio la historia kwa madarasa ya watu wazima

Leo tunazungumza hasa na wenzetu wa Ifakara, Mang'ula, Mlimba, Malinyi na Mahenge, yaani watu wa bonde la Mto Kilombero. Lakini wengine wote pia watafaidika wakisikiliza.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: maabara, sampuli, virusi. Wanafunzi wayasome kwa sauti.

Vyema. Maabara ni nyumba ya kupimia. Sampuli ni kiasi kidogo cha kitu kinachochukuliwa ili kipimwe, kama mnunuzi wa mpunga anavyochota konzi moja kutoka katika gunia. Virusi ni vijidudu vidogo mno, na baadaye tutaona udogo wao ulivyowasumbua wataalamu.

Tuanze na swali. Mtu akiugua homa kali, akachukuliwa damu, damu ile inakwenda wapi? Watu wengi wamechukuliwa damu, lakini wachache wamejua safari yake. Safari hiyo ina historia, na sehemu moja ya historia hiyo iko hapo hapo Ifakara.

Katika miaka ya 1950, Profesa Rudolf Geigy kutoka mji wa Basel, nchi ya Uswisi, alianzisha maabara ndogo Ifakara, mahali penye Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Alichunguza, pamoja na mambo mengine, homa ya papasi. Wazee wanamjua papasi, yule kupe anayejificha katika sakafu ya udongo na nyufa za kuta, akatoka usiku kuuma watu waliolala. Maabara ile ilikua. Mwaka 1996 ikawa kituo cha Watanzania cha utafiti na maendeleo ya afya, na tangu mwaka 2008 inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara.

Sasa sikilizeni kwa makini. Kijidudu cha homa ya papasi huonekana kwa darubini ya kawaida. Cha malaria pia huonekana, na cha malale vilevile. Mpimaji anaweka tone la damu juu ya kioo, anatazama, anatoa jibu siku ile ile. Lakini virusi havionekani kwa darubini ya namna hiyo, hata jicho liwe kali namna gani. Kwa hiyo, kwa miaka mingi, homa ya virusi ilipotokea, ilibidi damu isafirishwe mbali.

Tuone mfano wa kwanza. Mwaka 1952 homa ngeni iliingia Newala, kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde, ikaendelea mpaka mwaka 1953. Viungo viliuma hata mgonjwa hawezi kunyooka. Kwa dalili, madaktari waliona inafanana na kidingapopo. Damu ya wagonjwa ikapelekwa Entebbe, Uganda, ambako tangu mwaka 1936 palikuwa na taasisi iliyoanzishwa kuchunguza homa ya manjano. Huko wataalamu waliidunga katika panya wadogo, wakapata kirusi kilichokuwa hakijajulikana bado. Ugonjwa ukaitwa chikungunya, neno lililotoka katika Kimakonde, lenye maana ya kujikunja. Mnaona? Macho ya daktari yalisema kidingapopo, lakini damu ilisema jambo jingine.

Mfano wa pili unatuonyesha kuwa homa haina pasi wala mpaka. Mwezi wa Agosti 1967, wafanyakazi wa kiwanda cha chanjo katika mji wa Marburg, Ujerumani, waliugua vibaya. Wengine waliugua Frankfurt, na wengine Belgrade. Walikuwa wameshughulika na tumbili walioletwa kutoka Uganda. Watu 31 waliugua, na 7 wakafa. Ulaya, yenye maabara kubwa, ilichukua miezi mitatu hivi kukitambua kirusi hicho. Kikaitwa Marburg. Kwa watu wa Ujerumani, homa hiyo ilikuwa mgeni kutoka kwetu. Kwa hiyo tusidhani kwamba ugonjwa wa kigeni ni aibu ya nchi fulani. Leo unatoka kwako kwenda kwa jirani, kesho unatoka kwa jirani kuja kwako.

Mfano wa tatu ni wa chupa ya chai. Ndiyo, chupa ya chai! Mwezi wa Septemba 1976, watu walikufa kwa wingi katika kijiji cha Yambuku, kaskazini mwa nchi ya Kongo, iliyoitwa Zaire wakati ule. Damu ya mgonjwa iliwekwa katika vichupa viwili vya kioo, vikatiwa ndani ya chupa ya chai yenye barafu, kisha ikapakiwa katika ndege ya abiria kwenda Antwerp, nchi ya Ubelgiji. Ilipofunguliwa, barafu ilikuwa imeyeyuka, na kichupa kimoja kimevunjika. Waliofungua hawakujua wameshika nini. Kichupa kilichobaki ndicho kilichosaidia kukifahamu kirusi ambacho dunia nzima inakijua sasa kwa jina la Ebola.

Kutokana na hatari za namna hiyo, sampuli hizi leo hufungwa mara tatu. Kichupa chenye damu hakipitishi maji. Kinatiwa ndani ya chombo cha pili, nacho hakipitishi maji, chenye kitu cha kunyonya damu iwapo itamwagika. Halafu vyote vinatiwa katika sanduku gumu, lenye maandishi ya kuonya na jina la mpokeaji. Sampuli hiyo haipewi kondakta wa basi iwekwe chini ya kiti. Inapelekwa na mtu aliyefundishwa, na maabara inapewa habari kabla haijafika.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2007, baada ya mvua kubwa, homa ya Bonde la Ufa iliingia Tanzania. Ugonjwa huu hushika ng'ombe, mbuzi na kondoo, na mtu huupata kwa mbu, au anapochinja na kushughulikia mnyama mgonjwa. Mkoa wa Morogoro ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyopatwa. Watu zaidi ya 100 walifariki nchini, na sampuli zilisafiri mpaka Nairobi kupimwa. Miaka michache baadaye, watafiti walipima mifugo ya bonde la Kilombero. Waliona dalili za kirusi hicho katika damu ya wanyama waliozaliwa baada ya mlipuko ule kwisha. Maana yake kirusi kilikuwa hakijaondoka, ila kilikuwa kimenyamaza. Wafugaji, jambo hili ni lenu hasa.

Mwezi wa Julai 2022, watu wa Ruangwa, mkoa wa Lindi, waliugua homa, wakatokwa na damu puani. Watatu walifariki. Hofu ikaenea, na watu wengi walitaja Ebola. Sampuli zikapimwa. Haikuwa Ebola, wala Marburg, wala korona. Ilikuwa homa ya mgunda, ambayo huletwa na mkojo wa wanyama, hasa panya, katika maji na udongo. Ugonjwa huo unatokana na bakteria, si virusi, nao una dawa zinazojulikana. Wakulima wa mpunga wa Kilombero, ninyi mnaosimama katika maji ya mashamba yenye panya, fikirini jambo hili. Kama watu wangeishia kusema, "Hii ni Ebola, haina la kufanya," wangapi wangekosa dawa iliyokuwa kabatini?

Mwaka uliofuata jibu lilikuwa jingine. Tarehe 21 Machi 2023, Tanzania ilitangaza ugonjwa wa Marburg kwa mara ya kwanza, katika mkoa wa Kagera. Damu ilikuwa imepimwa hapa hapa nchini, katika maabara ya taifa ya afya ya jamii. Watu 9 walihesabiwa kuugua, 6 wakafariki, na tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kwisha. Linganisheni na miezi mitatu ya Ujerumani ya kukitafuta kirusi tu.

Mwezi wa Januari 2025 Marburg ilirudi Kagera, wilaya ya Biharamulo. Kwanza Wizara ya Afya ilisema kuwa sampuli zilizokwisha kupimwa hazikuonyesha Marburg. Siku chache baadaye, tarehe 20 Januari, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa mgonjwa mmoja amethibitika. Kipimo kilifanywa katika maabara ya Kabaile, huko huko Kagera, kikahakikishwa Dar es Salaam. Je, majibu ya kwanza yalikuwa ya uongo? La. Sampuli hutoa habari za mtu yule aliyetolewa, na za siku ile aliyotolewa. Tena, katika siku tatu za mwanzo wa ugonjwa, kirusi huweza kuwa kichache mno damuni kisionekane. Kwa hiyo mgonjwa anayeshukiwa, akipimwa mapema na asionekane nacho, hupimwa tena baada ya saa 72.

Basi tuseme mtu anafika Ifakara kwa basi au kwa gari moshi la TAZARA, naye ametoka mahali penye mlipuko. Baada ya siku kumi anaugua homa. Mambo yafuatayo ndiyo yanayomwokoa yeye na jamaa zake. Aseme ametoka wapi, lini, na ameuguza au kumzika nani. Vijidudu vya Ebola na Marburg huweza kukaa mwilini mpaka siku 21 kabla ya homa kuanza. Mganga naye amtenge kwa heshima, awape habari wakubwa wa afya wa wilaya, wakubaliane ni sampuli gani ichukuliwe na maabara ipi iipokee. Tena malaria isisahauliwe, kwa maana mgeni kutoka mbali naye anaumwa na mbu wa Kilombero. Matibabu yasingoje jibu. Maji mwilini, dawa na uangalizi vianze mara moja.

Limebaki jambo moja, ndugu zangu. Wazee wanalikumbuka neno mumiani. Zamani, katika Afrika Mashariki, watu waliogopa kwamba kuna wanaokamata wenzao usiku na kuwanyonya damu. Tusiwacheke. Mara nyingi mtu alichomwa sindano, damu yake ikaondoka, naye hakuambiwa inakwenda wapi wala imeonyesha nini. Mahali penye kimya, uvumi hujenga nyumba. Hata leo mgonjwa akiogopa, hukimbia, na akikimbia hupeleka homa katika kijiji kingine.

Dawa ya hofu hiyo ni jibu. Mgonjwa na jamaa zake wana haki ya kuuliza: damu hii inapelekwa wapi? Inatafutwa nini? Jibu litarudi lini, na nani atatuambia? Kama ni Marburg, waambiwe. Kama ni homa ya mgunda, waambiwe. Kama hapana kitu, waambiwe pia, maana jirani zao wamekwisha kuwaepuka. Safari iliyokwenda Entebbe, Antwerp na Nairobi sasa imefupishwa kwa kazi ya miaka mingi. Lakini safari ya damu haijaisha mpaka jibu lifike mlangoni kwa mwenye damu.

Mwalimu wa darasa, sasa zimeni redio, mjadiliane maswali haya:

1. Kwa nini damu ya watu wa Newala ilipelekwa Entebbe?
2. Chupa ya chai ya mwaka 1976 imetufundisha nini?
3. Kipimo cha Ruangwa kilikuwa na faida gani, ingawa hakikuonyesha Ebola?
4. Katika kijiji chenu, mtu akiugua baada ya safari, ni nani wa kuambiwa kwanza? Andikeni jina la cheo chake daftarini, na mahali anapopatikana.

Kila mwanafunzi aandike sentensi tatu, akitumia maneno maabara, sampuli na virusi. Kwaherini, mpaka somo lijalo.