Kifurushi chenye Bima Kikichelewa au Kupotea: Haki na Wajibu wa Muuzaji wa Mtandaoni

Wajasiriamali wanaouza bidhaa kwa njia ya mtandao na kuzituma kwa wateja walio mbali wanapaswa kufahamu kuwa kulipia bima katika kaunta ya posta ni hatua ya kwanza tu ya kulinda mzigo. Fidia hutolewa kwa mtumaji aliyewasilisha dai ndani ya muda, akiwa na risiti, namba ya ufuatiliaji na uthibitisho wa thamani ya bidhaa. Asiyekuwa na nyaraka hizo anaweza kupoteza mzigo na kulazimika pia kumrejeshea mteja fedha zake.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo bima ya posta inayalinda na yale isiyoyalinda, hatua za kuchukua kifurushi kinapochelewa au kupotea, na ngazi za kupeleka malalamiko pale mtumaji asiporidhika.

Bima ya posta inalinda nini

Nchini Tanzania, huduma za posta za umma hutolewa na Shirika la Posta Tanzania, lililoundwa kwa Sheria Na. 19 ya mwaka 1993 na kuanza kazi Januari 1, 1994. Vifurushi vinavyovuka mipaka ya nchi huongozwa na Mkataba wa Umoja wa Posta Duniani (UPU), taasisi iliyoanzishwa mwaka 1874 mjini Bern, Uswisi, na ambayo sasa ina nchi wanachama 192.

Kwa mujibu wa Mkataba huo, mtumaji wa kifurushi chenye bima ana haki ya kufidiwa kifurushi kinapopotea, kinapoibiwa au kinapoharibika. Fidia hiyo haizidi thamani iliyotangazwa wakati wa kutuma, ambayo katika huduma za kimataifa hubadilishwa kuwa SDR, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF).

Kuchelewa hakumo katika orodha hiyo. Kifurushi kilichofika salama baada ya miezi miwili hakizai fidia ya bima, hata kama mteja amekwisha kuvunja oda. Vilevile, faida ambayo muuzaji aliitarajia na hasara zisizo za moja kwa moja, kama vile kupoteza mteja, hazihesabiwi. Kinachohesabiwa ni thamani halisi ya bidhaa mahali na wakati ilipopokelewa posta.

Aidha, bima haitalipa iwapo hasara imetokana na nguvu isiyozuilika, ufungaji duni, asili ya bidhaa yenyewe au kosa la mtumaji. Haitalipa pia iwapo ndani ya kifurushi kulikuwa na kitu kilichopigwa marufuku, au kifurushi kilitaifishwa kwa mujibu wa sheria za nchi kilikopelekwa.

Ikumbukwe pia kuwa huduma ya bima ni ya hiari miongoni mwa nchi wanachama. Si kila nchi inaipokea, na kiwango cha juu cha thamani kinachokubalika hutofautiana. Muuzaji anashauriwa kuuliza katika kaunta kuhusu nchi husika kabla ya kumwahidi mteja kuwa mzigo wake utakuwa na bima.

Thamani itangazwe kwa ukweli

Makosa mengi yanayomgharimu muuzaji hufanyika siku ya kutuma. Mathalani, mfanyabiashara wa Iringa anatuma Ujerumani vikapu vya milulu vyenye thamani ya Sh 600,000. Ili kupunguza gharama, anatangaza thamani ya Sh 200,000 tu. Kanuni zinaruhusu kukatia bima sehemu ya thamani, lakini kifurushi hicho kikipotea, fidia haitavuka Sh 200,000. Atarejeshewa pia ada ya kutuma, isipokuwa ada ya bima. Hasara iliyobaki ni yake.

Kinyume chake, akitangaza Sh 1,000,000 kwa vikapu vya Sh 600,000, anakiuka kanuni, kwa kuwa thamani ya bima hairuhusiwi kuzidi thamani halisi ya kilichomo. Thamani iliyoongezwa kwa nia ya udanganyifu humwondolea mtumaji haki ya fidia na inaweza kumfikisha mbele ya sheria.

Baadhi ya wateja huomba muuzaji aandike thamani ndogo katika tamko la forodha, yaani fomu ya CN 22 au CN 23, ili wapunguziwe kodi. Ombi hilo lisikubaliwe. Tamko la uongo ni kosa mbele ya mamlaka za forodha, na maandishi ya muuzaji mwenyewe yatakuwa ushahidi dhidi yake siku atakapodai thamani kubwa zaidi.

Fedha taslimu, dhahabu, vito na vitu vingine vya thamani ya aina hiyo haviruhusiwi katika kifurushi cha kimataifa kisicho na bima. Muuzaji wa mapambo ya tanzanite au dhahabu anapaswa kupata uhakika wa utaratibu, vikiwemo vibali vya kusafirisha madini, kabla ya kufunga mzigo.

Kuchelewa na kupotea ni mambo mawili

Kifurushi kisichoonekana kwa wiki kadhaa si lazima kiwe kimepotea. Hatua ya kwanza ni kusoma namba ya ufuatiliaji, ambayo katika huduma za kimataifa huwa na alama 13: herufi mbili za mwanzo zinazoonesha aina ya huduma, tarakimu tisa, na herufi mbili za nchi kilikotoka kifurushi, ambazo kwa Tanzania ni TZ. Herufi ya kwanza ikiwa E, huduma ni EMS. R ni rejista. C ni vifurushi. Na V ni barua zenye bima. Tarakimu ya tisa hukokotolewa kutokana na nane zilizoitangulia, hivyo namba iliyonakiliwa vibaya kwa kawaida hukataliwa na mfumo. Kabla ya kudhani kuwa kifurushi hakipo, muuzaji alinganishe namba hiyo na risiti yake.

Sababu kubwa ya kuchelewa katika safari za kimataifa ni forodha. Tangu Julai 1, 2021, Umoja wa Ulaya hutoza kodi ya ongezeko la thamani kwa bidhaa zote zinazoingia kutoka nje, baada ya kuondoa msamaha uliohusu bidhaa zisizozidi euro 22. Nchini Marekani, msamaha wa ushuru kwa mizigo isiyozidi dola 800 uliondolewa kwa nchi zote Agosti 29, 2025, hatua iliyofanya mashirika mengi ya posta duniani kusitisha kwa muda kupokea vifurushi vya kwenda nchini humo. Nchi nyingi pia hutaka taarifa za kifurushi ziwasilishwe kielektroniki kabla hakijafika. Maelezo kama "zawadi" au "nguo", bila kutaja aina, idadi na malighafi, yanaweza kukizuia kifurushi.

Mfumo unapoonesha kuwa kifurushi kipo forodha, anayepaswa kuchukua hatua kwa kawaida ni mpokeaji, kwa kuwa taarifa ya kodi au nyaraka zinazohitajika hutumwa kwake. Muuzaji amtumie mteja namba ya ufuatiliaji na nakala ya ankara, na amwombe awasiliane na posta ya nchi yake. Vifurushi ambavyo havikulipiwa kodi au kuchukuliwa kwa wakati hurejeshwa kwa mtumaji, na safari hiyo ya kurudi inaweza kuchukua muda mrefu kuliko ile ya kwenda.

Maulizo yawasilishwe ndani ya miezi sita

Taarifa za kifurushi zisipobadilika kwa muda mrefu, au zinapoonesha kuwa kimekabidhiwa ilhali mteja anakana, mtumaji anapaswa kuwasilisha maulizo rasmi. Katika huduma za kimataifa hutumika fomu ya CN 08, na kwa mujibu wa Mkataba wa UPU kushughulikia maulizo hakulipiwi ada.

Muda wa mwisho ni miezi sita, ikihesabiwa kuanzia siku inayofuata siku ya kutuma. Kifurushi kilichotumwa Machi 3 huanza kuhesabiwa Machi 4. Muda huo ukipita, haki ya kudai fidia hupotea, hata kama mtumaji ana risiti na bima ilikuwa halali.

Hapa ndipo wauzaji wengi wanapokwama. Mteja huomba avumiliwe wiki mbili zaidi, muuzaji naye hungoja, na miezi hupita kwa kubadilishana ujumbe wa simu. Ujumbe kati ya muuzaji na mteja si maulizo rasmi na hausimamishi kuhesabiwa kwa muda. Kuwasilisha maulizo mapema hakumzuii mteja kupokea mzigo wake ukipatikana.

Maombi yaambatane na risiti yenye mhuri wa tarehe, namba ya ufuatiliaji, majina na anwani kamili za mtumaji na mpokeaji, maelezo ya kilichomo na kifungashio, pamoja na ankara inayoonesha bei. Picha za bidhaa na za kifurushi kabla ya kutumwa husaidia uchunguzi. Mteja anayesema hakupokea mzigo atoe kauli hiyo kwa maandishi. Mtumaji naye ahakikishe anapewa uthibitisho kuwa maombi yake yamepokelewa, ukiwa na tarehe.

Haki ya fidia kwa kifurushi kilichopotea ni ya mtumaji, ingawa anaweza kuiachilia kwa mpokeaji. Kwa sababu hiyo, kumwambia mteja aliye nje ya nchi "nenda ukadai huko kwenu" hakutoshi.

Kifurushi kikifika kimefunguliwa au kimeharibika

Wajibu wa posta hukoma baada ya makabidhiano, isipokuwa pale ambapo uharibifu au wizi umebainika kabla au wakati wa kukabidhi, au mpokeaji ametoa taarifa bila kuchelewa. Muuzaji amweleze mteja mapema kwamba akiona kifurushi kimechanika, kimelowa au kimepungua uzito, atoe taarifa papo hapo kwa mhudumu na apige picha. Boksi na vifungashio visitupwe, kwa kuwa ndivyo vinavyoonesha kama mzigo ulifungwa ipasavyo.

Wajibu kwa mteja

Wakati uchunguzi ukiendelea, mteja naye ana haki zake. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inachukulia kwa ujumla kuwa muuzaji aliyeruhusiwa kutuma bidhaa amemkabidhi mnunuzi pale anapomkabidhi msafirishaji, isipokuwa kama wamekubaliana vinginevyo. Hata hivyo, muuzaji anawajibika kuchagua usafirishaji unaofaa kulingana na aina ya bidhaa. Asipofanya hivyo, mnunuzi anaweza kukataa kubeba hasara.

Hivyo, ni busara masharti ya mauzo yaeleze kabla ya malipo nani anabeba hasara njiani, bima ni ya kiasi gani, na fedha zitarejeshwa lini. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki Na. 13 ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki kama ushahidi, hivyo oda, barua pepe na ujumbe wa makubaliano vihifadhiwe, visifutwe.

Ikiwa kifurushi kilicholipiwa fidia kitapatikana baadaye, mtumaji hujulishwa na hupewa miezi mitatu ya kukichukua kwa kurejesha fidia. Muuzaji aliyekwisha kumrudishia mteja fedha aweke wazi kwa maandishi nini kitafanyika iwapo mzigo utamfikia mteja huyo baadaye.

Mtumaji asiporidhika

Malalamiko huanzia kwa mtoa huduma. Majibu yasiporidhisha, mtumaji anaweza kuyapeleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 2003 na inayosimamia pia huduma za posta. Asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka ana nafasi ya kukata rufaa katika Baraza la Ushindani (FCT). Katika ngazi zote hizo, kitakachoangaliwa ni nyaraka na tarehe.

Utaratibu huu wa kulalamika unawahusu pia wanaotumia wasafirishaji binafsi wa vipeto, ambao wanatakiwa kuwa na leseni ya TCRA. Hata hivyo, kiwango cha fidia na muda wa kudai kwa wasafirishaji hao hutegemea mkataba ulioandikwa katika stakabadhi yao. Muuzaji anashauriwa kusoma masharti hayo, ikiwemo maandishi madogo ya nyuma ya stakabadhi, kabla ya kuacha mzigo.

Kwa kila kifurushi, wauzaji wanashauriwa kuhifadhi risiti, nakala ya tamko la forodha, ankara, picha na mawasiliano na mteja kwa muda usiopungua miezi sita, na hadi dai litakapohitimishwa endapo limefunguliwa.