Kisomo, Kasha na Funguo Tatu

Kahawa ya Kilimanjaro ilizaa mojawapo ya vyama vya ushirika vya mwanzo vya wakulima Waafrika. Chama cha wakulima kilichoundwa mwaka 1925 kiliufungulia njia muungano wa ushirika wa KNCU, ulioanzishwa mwaka 1933. Waliopalilia, waliochuma na waliobeba samadi hadi kihambani, yaani shamba la ukoo, walikuwa kwa sehemu kubwa wanawake. Hata hivyo jina lililoandikwa katika daftari la chama, kwa kawaida, lilikuwa la mume, kwa kuwa kihamba kilirithiwa na watoto wa kiume. Malipo yalipofika yalipitia mkononi mwa mume kwanza. Mke alibaki kibarua katika ushirika uliojengwa kwa jasho lake.

Akina mama walikuwa na hazina yao pembeni. Upatu, ambao wengine huuita mchezo, wa kuchanga pamoja na kupokea kwa zamu, ulizunguka majumbani kabla ya mfadhili yeyote kufika. Nchini Kenya, katika miaka ya 1960 na 1970, vikundi vya wanawake vya Mkoa wa Kati vilichangishana kuezeka nyumba za wanachama kwa mabati, moja baada ya nyingine. Upatu unasimama kwa uaminifu, lakini haujui dharura: mtoto akilazwa leo na zamu yako ni miezi sita ijayo, unarudi kwa mwenye duka kukopa.

Halafu likaja suala la kusoma. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima Tanzania Bara hawakujua kusoma na kuandika, na wanawake ndio walioachwa nyuma zaidi. Mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO ulianza mwaka 1968 katika mikoa ya Ziwa, na vitabu vyake vilifundisha kusoma kupitia pamba, migomba, uvuvi na ufugaji. Wanawake walilengwa kwa maarifa ya nyumbani, ingawa jembe la pamba walikuwa nalo mkononi. Rais Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa yakafunguliwa hadi chini ya miembe, na akina mama wakayajaza. Kufikia 1986 serikali ilitangaza kuwa wasiojua kusoma wamebaki asilimia 9.6. Tarakimu hiyo inaweza kubishaniwa. Mimi nashikilia kwamba hakuna mpango mwingine wa karne hiyo uliomfikia mwanamke wa kijijini kwa upana ule, na aliyeweza kusoma mizani ya mnunuzi hakupunjwa tena kirahisi.

Ushirika wenyewe uliyumba: serikali ilivivunja vyama mwaka 1976, na sheria ya kuvirudisha ikapitishwa mwaka 1982. Mbegu mpya ya kushirikiana ikatoka mbali. Huko Maradi, Niger, mwaka 1991, shirika la misaada la CARE lilianza na wanawake ambao wengi wao hawakusoma kabisa. Waliweka akiba na kukopeshana wenyewe kwa wenyewe, na hesabu yote ikatunzwa kichwani: kila mmoja alikumbuka kiasi chake na cha jirani. Mfumo huo ulifika Zanzibar, katika vijiji vinavyozunguka msitu wa Jozani, ambako watu waliozuiwa kukata miti walihitaji kipato kingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaenea Bara kwa jina la VICOBA, yaani benki za jamii za vijijini.

Kwenye mkutano wa kikundi cha namna hii kasha la chuma huwekwa katikati ya mkeka. Lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu ambao si viongozi, kwa hiyo hakuna anayelifungua peke yake. Jina linaitwa, mama anasogea na kutoa hisa zake, fedha zinahesabiwa mbele ya wote, na kitabu chake kinapigwa mhuri kwa kila hisa. Mfuko wa jamii unakaa kando kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Aliyechelewa hulipa faini hapo hapo. Riba wanayolipa inabaki kwao, na mwisho wa mzunguko, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja, wanavunja na kugawana kwa kadiri ya hisa. Wengi hupanga mgao ukutane na Januari, shule zinapofunguliwa.

Jozani ilithibitisha jambo kubwa: mradi wa CARE ulipoondoka, vikundi viliendelea kuongezeka, vikifundishwa na wanavijiji wenyewe.

Mikopo kutoka nje ya kikundi ina sura nyingine. Ile ya mtaani inayoitwa kausha damu inabeba hadi vyombo vya ndani vya mkopaji. Mikopo ya halmashauri ni bora mno, kwani tangu 2018 sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani ikopeshwe bila riba, asilimia 4 ikiwa ya wanawake. Ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu usahihishwe, ikarudi mwaka uliofuata. Lakini kuipata kunadai katiba ya kikundi, usajili, akaunti ya benki na andiko la mradi. Mama asiyesoma humlipa mtu amwandikie, kisha anatia dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa. Halmashauri inayotenga fedha hizi inapaswa kutenga pia posho ya mwalimu wa kisomo katika kila kijiji, na darasa lifanyike siku ile ile ya kufungua kasha, akina mama wakiwa tayari wamekusanyika na vitabu vyao vya hisa viko mkononi.