Kabla ya "Ulifanya Nini?", Korti Iulize "Wewe ni Nani?"

Wasee, hebu fikirieni korti ambayo kabla ya kesi kuanza, kijana anakaribishwa kwa nyimbo, kisha anasimama mbele ya wazee na kutaja mlima wao, mto wao na ukoo wake, kwa lugha ya mababu. Korti hiyo iko New Zealand. Inaitwa Rangatahi, yaani "vijana" kwa Kimaori, na ilianza 2008 mjini Gisborne. Haikai kwenye jengo la serikali. Inakaa marae, pale ukoo unapokutania kwa matanga na mikutano.

Ilifikaje hapo? Mwaka 1840 machifu wa Kimaori waliweka sahihi Mkataba wa Waitangi na Waingereza. Baadaye vita na sheria za ardhi zikawapokonya sehemu kubwa ya mashamba yao. Mwaka 1867 ikaja sheria ya shule za wenyeji, masomo yakawa kwa Kiingereza, na watoto wengi wakachapwa kwa kuongea lugha ya mama. Hiyo stori Wakenya tunaijua. Uliza shosho wako kuhusu kile kibao cha kuvishwa shingoni shuleni.

Wamaori wakahamia mijini, na watoto wengi wakaishia kwenye makao ya serikali, mbali na jamaa zao. Mwaka 1986 kamati iliyoongozwa na mzee John Rangihau iliambia serikali peupe kwamba mfumo wake wa ustawi ulikuwa na ubaguzi. Sheria ya 1989 ndiyo ikaleta kikao cha familia: kijana, jamaa zake, polisi na aliyekosewa wanaketi pamoja kupanga jinsi ya kurekebisha kosa. Kazi ya Rangatahi ni kufuatilia kama mpango huo unatimizwa.

Kuna watakaosema huku ni kubembeleza wahalifu. Mimi sikubali. Kumdanganya hakimu usiyemjua ni rahisi. Sasa jaribu kumdanganya nyanya aliyeketi kando ya hakimu, anayewajua watu wa kwenu wote. Na nyanya huyohuyo ndiye anayekueleza ulikotoka. Kwa kijana aliyekulia mtaani bila kujua ukoo wake, huo ni ushauri nasaha ambao hautapatikana kwa fomu ya ofisi.

Si dawa ya kila kitu. Wamaori ni kama asilimia 17 ya wananchi, lakini ni takriban nusu ya wafungwa. Korti peke yake hairudishi ardhi.

Sisi je? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 159, inaziambia korti zikuze njia za jadi za kusuluhisha migogoro, mradi zisivunje Sheria ya Haki. Lakini tusidanganyane: mahali pengine wazee hukaa chini ya mti, kesi ya msichana aliyenajisiwa ikaisha kwa mbuzi, na yeye mwenyewe hata hakuulizwa. Hiyo si mila ninayoitetea. Kule Gisborne hakimu yupo, sheria ni ileile, na aliyekosewa ana nafasi ya kusema. Wazee wameongezwa, hawajachukua nafasi ya haki. Tukiiga kitu, tuige hapo.