Virusi viwili vya mahindi na ugomvi wa majina

Septemba 2011 wakulima wa Longisa, Bomet, waliona mahindi yao yakigeuka manjano na kukauka kabla ya kukomaa. Borabu ya Nyamira inapakana na Bomet, na haukupita muda ugonjwa ukaingia mashamba ya Nyamira na Kisii. Jani la moyoni lilikufa. Palipobahatika muhindi kuzaa, ukimenya gunzi unakuta punje za kuhesabu.

Mkulima akiona hivyo hulaumu mbegu, mbolea au ukungu. Mwaka 2012 kundi la watafiti likiongozwa na Anne Wangai wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, KARI, lilichapisha jibu: virusi viwili vilikuwa vimekutana katika mmea mmoja. Kimoja, MCMV (maize chlorotic mottle virus), kilikuwa kigeni nchini. Kingine, cha batobato ya miwa, kilikuwa kimeishi Kenya miaka mingi. Kila kimoja peke yake hudhoofisha mahindi. Vikiungana, huua. Ndio ugonjwa tunaouita MLN (maize lethal necrosis).

Vyote viwili hubeba RNA, lakini si ndugu wa karibu. MCMV ni kijiduara cha nanomita 30 hivi na kinaenezwa na thripsi na mbawakawa. Mwenzake ni uzi laini wenye urefu wa nanomita 750 hivi, na dereva wake ni vidukari. Ndiyo maana wataalamu wameviweka katika familia mbili: Tombusviridae na Potyviridae. Kirusi cha influenza nacho kiko kwingine kabisa, Orthomyxoviridae, familia moja na kirusi cha Thogoto kilichopatikana kwa kupe wa ng'ombe huko Kikuyu. Nairobi ndiyo imepewa familia nzima, Nairoviridae, kwa sababu ya ugonjwa wa kondoo. Sifa ya ajabu kwa jiji kuu.

Mpangilio huu haukupatikana kwa amani. Baada ya Ivanovsky na Beijerinck kugundua kisababishi cha ugonjwa wa tumbaku miaka ya 1890, kila mtafiti alibatiza alivyopenda. Mwaka 1939 Francis Holmes alitaka majina ya Kilatini mawili mawili kama ya wanyama, kirusi cha tumbaku akakiita Marmor tabaci. Wenzake hawakuyakubali.

Vita vyenyewe vilikuja miaka ya 1960. André Lwoff wa Ufaransa na wenzake, Horne na Tournier, walipendekeza mwaka 1962 ngazi kamili za familia na jenasi kwa kuangalia asidi ya kiini na umbo la kirusi. Wataalamu wa virusi vya mimea wakapinga: utaratibuje ukoo usioujua? Mwaka 1966, Adrian Gibbs na wenzake walitoa pendekezo lao la msimbo wa herufi na namba wa kuambatishwa kwenye jina la kawaida. Mwaka huohuo kamati ya kimataifa ya majina ya virusi ikaundwa mjini Moscow, lakini watu wa mimea waling'ang'ania neno "kundi" badala ya familia hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ukaidi huo ulikuwa na mantiki zaidi ya ulivyosifiwa, maana ramani ya ukoo iliyochorwa kabla ya kusoma jeni ingekuwa ya kubahatisha.

Mwaka 1971 David Baltimore aligawa virusi kwa jinsi kirusi kinavyotengeneza RNA yake ya ujumbe (mRNA). Usomaji wa jeni ukamaliza mabishano mengi. Mwaka 2021 kamati ikarudi kwa majina mawili mawili, hivyo MCMV sasa ni spishi Machlomovirus zeae. Holmes alikuwa ameshafariki.

Nyamira na Kisii, mpangilio huo una kazi ya shambani. Kwa kuwa chanzo ni virusi, hakuna dawa ya ukungu itakayoponya mmea wenye MLN. Kinachosaidia ni kung'oa ulioambukizwa, kubadilisha mahindi na maharagwe au viazi, na kupanda mbegu inayostahimili. Kituo cha kupima mbegu hizo kilifunguliwa Naivasha mwaka 2013. Serikali za kaunti zingefanya vyema kuning'iniza picha ya jani hilo la manjano katika kila duka la pembejeo, ikiwa na maneno manne makubwa: ugonjwa huu si ukungu.