Baiskeli ya titani ya gia moja: mambo ya kupima kabla ya kununua au kuagiza

Baiskeli nyepesi za gia moja zilitokana na mashindano ya uwanjani, kisha wapeleka vifurushi wa miji kama New York wakazipa umaarufu. Zinafaa kwa mtu anayezunguka mjini na nyaraka au kifurushi kidogo. Kwa kubeba magunia hazifai. Anayenunua moja, au anayetaka kuagiza nyingi za kuuza, azingatie haya.

1. Fremu
Sentimita moja ya ujazo ya titani ina gramu 4.5, ya chuma ni takriban 7.8, na ya alumini 2.7. Titani haipati kutu, jambo zuri kwa miji ya pwani. Tatizo ni ukarabati: kuilehemu kunahitaji kuikinga kwa gesi ya agoni pande zote. Fundi wa barabarani ataweza fremu ya chuma, si hii. Ukiuziwa kama titani, jaribu sumaku. Ikinasa, hicho ni chuma. Isiponasa bado huna uhakika, maana hata alumini hainasi. Dai hati za mtengenezaji.

2. Gia
Katika aina hii pedeli huzunguka muda wote gurudumu la nyuma linapozunguka. Huwezi kupumzisha miguu mteremkoni. Meno 44 mbele na 16 nyuma husogeza baiskeli karibu mita 5.8 kwa kila mzunguko wa pedeli. Kwa miji ya vilima kama Kampala na Kigali, meno 42 kwa 18 ni nafuu zaidi, karibu mita 4.9. Bora zaidi ni habu yenye pande mbili: upande mmja wa kufunga, wa pili wa kuachia.

3. Breki
Usikubali baiskeli isiyo na breki ya mbele, hata muuzaji akisema miguu inatosha kusimamisha. Hakikisha pia gia ya nyuma ina ringi ya kuikaza yenye nyuzi za kinyume. Ikikosekana, gia inaweza kufunguka unapokaza miguu kurudi nyuma.

4. Matairi
Hapa ndipo hasara nyingi huanzia. Baiskeli hizi hutumia rimu ya milimita 622. Baiskeli kubwa za mzigo, maarufu Kenya kama Black Mamba, hutumia ya milimita 635. Zote mbili huitwa "inchi 28", lakini tairi haziingiliani. Ukiagiza, usiandike "28" pekee. Soma namba ubavuni mwa tairi, mfano 28-622 au 40-635.

5. Forodha
Baiskeli huingia chini ya namba 8712, vipuri vyake vingi 8714, tairi 4011 na tyubu 4013. Usizichanganye kwenye tamko moja. Kumbuka pia kuwa utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa shehena isiyozidi dola 2,000 za Marekani, unahusu bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Baiskeli iliyotengenezwa China au Ulaya haipati nafuu hiyo kwa kuvukishwa mpakani tu.

Kwa ufupi
Kama tairi za 622 na fundi wa kuaminika vinapatikana mjini kwako, titani itakutumikia miaka mingi. Kama havipatikani, nunua ya chuma ya gia moja: ni nzito kidogo, lakini ikivunjika jioni, asubuhi inarudi kazini.