Vikanyagio vya abiria

Jumamosi iliyopita sikwenda kutafuta habari. Nilikaa uani na plaizi na kopo la grisi, nikiondoa vikanyagio vya abiria kwenye pikipiki yangu. Nitasema ukweli: nilichoka kusimamishwa na kuulizwa, "Buguruni bei gani?" Mtu una digrii, kitambulisho cha uandishi kinaning'inia shingoni, bado unaonekana bodaboda!

Kazi yenyewe ni ndogo. Unanyoosha ncha za kotapini, unaivuta, unachomoa pini kubwa huku umeshika springi isikurukie usoni. Basi. Ila nilipoviweka vyote viwili chini nilishangaa. Mpira wa kulia ulikuwa karibu mzima. Wa kushoto umelika mpaka chuma kinaonekana. Nilinunua pikipiki hii kwa dereva wa bodaboda. Kina mama wenye khanga na sketi hukaa upande, miguu kushoto, mbali na ekzosi. Miaka yao yote ilikuwa kwenye mpira ule.

Nikaenda kusoma. Kumbe pikipiki haikuzaliwa na abiria. Ile ya Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, Ujerumani mwaka 1885, ilikuwa na tandiko moja. Ya Hildebrand & Wolfmüller ya mwaka 1894, ya kwanza kutengenezwa kwa wingi na kuuzwa, nayo ilikuwa ya mtu mmoja. Abiria wa mwanzo walivutwa kwenye kitoroli au walikaa kwenye kigari cha pembeni. Baadaye watu wakaanza kupanda nyuma ya dereva, namna yoyote ile, mpaka Uingereza ikatunga sheria mwaka 1930: abiria awe mmoja tu, akae kwa kupanua miguu, kwenye siti iliyofungwa imara. Yaani mshikaki na kukaa upande vilipigwa marufuku kule kabla baba zetu hawajazaliwa.

Huku kwetu abiria ndiye aliyeleta chombo. Miaka ya 1960, pale Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana walibeba watu kwenye keria za baiskeli kutoka boda hadi boda. Jina likabaki, pikipiki zikaja. Mwaka 1976 Honda walitoa CG125, injini rahisi kwa nchi ambazo matunzo ni ya shida. Wachina wakaiiga, na bodaboda nyingi za mitaani kwetu ni wajukuu wake. Siti yake ndefu na vikanyagio vinne si pambo.

Nikiwa bado nawaza, Mama akatoka na ndoo, akatazama vile vyuma chini.

"Mwanangu, Jumatatu kliniki nitakanyaga wapi?"

Sikuwa na jibu. Ukiondoa vikanyagio hujamwondoa abiria. Umeondoa mahali pa miguu yake, nayo itaning'inia kati ya spoku na ekzosi ya moto.

Nikanunua mpira mpya, kotapini mpya, na helmeti ya pili. Jumatatu nilimweleza Mama ile sheria ya Waingereza. Akacheka, akapanda upande vilevile.

Kituoni kijana mmoja akanyoosha mkono. "Buguruni bei gani?"

Mama akamjibu kabla yangu: "Huyu ana abiria tayari."